Mlango Ambao Sikuuingiza Kwenye Kompyuta

Wasiwasi ulioninyima usingizi wiki ile ulikuwa wa tarakimu mbili tu: sitini na moja. Kompyuta ilikuwa imesema tutamaliza kushona mahema mia mbili kwa siku sitini na moja. Shirika lililoyataka lilitupa wiki tisa, yaani siku sitini na tatu. Tulikuwa na siku mbili za akiba. Nilikuwa nimehesabu upya kwa mkono mara tatu, kwa kalamu ya risasi, na mara zote tatu nikapata jibu lile lile. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mtu wa wasiwasi kama mimi akigundua kosa hutulia, maana amejua cha kurekebisha. Akipata sawa mara tatu, huanza kujiuliza ni kitu gani ambacho hakukihesabu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa Novemba, na nilikuwa nafanya kazi ya majaribio ya miezi mitatu katika karakana ya maturubai ndani ya Mji wa Kale. Nilikuwa na shahada ya hesabu na mwaka mzima wa kutafuta kazi nyuma yangu. Tulikaa Tononoka. Wazazi wangu walishuka kutoka Taita kabla sijazaliwa, baba akawa karani wa reli mpaka akastaafu, na aliamini kwamba binti yake mwenye shahada angeingia reli au bandarini, kwenye ofisi yenye feni na saa ya ukutani. Badala yake nilipata kazi mahali penye harufu ya nta na vumbi la kitambaa, na nilifika huko kwa sababu ya kanisa. Walinituma kuchukua hema lao lililokuwa likishonwa. Nilipokuwa nasubiri risiti nikaona msumari.

Ulikuwa msumari mrefu uliopigwa ukutani ofisini, na kila barua ya kuomba bei au mapendekezo ilichomekwa hapo. Shule ilitaka vivuli vya uwanja. Wenye maghala walitaka vifuniko vya malori. Kule Liwatoni wavuvi walitaka vifuniko vya mashua na vya mashine za barafu. Karatasi mpya ilichomekwa juu ya zile za zamani, kwa hiyo anayetaka kujibu alichomoa ya juu. Nilisimama pale nikaona, kwa uchungu kabisa, kwamba iliyokuja mwisho ilijibiwa kwanza, na zile za chini zilikuwa zimekwisha muda wake bila mtu kuzisoma.

Mwenye karakana alikuwa mjane wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba, na kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Nilimwambia kuhusu msumari. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwa sababu sikuwa nimepanga kusema, na nisipopanga husema vizuri zaidi. Alinisikiliza, akazifunua karatasi moja moja mpaka akafika za chini.

"Hii ilitaka jibu mwezi wa sita," akasema.

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Na wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia habari ya kompyuta, naye akanichukua kwa majaribio. Wiki mbili baadaye kompyuta ikafika, ya mtumba, yenye kioo cheusi na herufi za kijani, pamoja na printa iliyokuwa ikilia kama mtu anayepasua kitambaa. Ilinunuliwa badala ya cherehani mpya. Hilo nililijua siku ya kwanza, kwa sababu aliyekuwa anaingojea hiyo cherehani hakunificha.

Alikuwa shemeji yake Bi Mkubwa, mdogo wa marehemu mumewe, fundi mkuu wa karakana. Vijana wote walimwita Ami, yaani baba mdogo, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita msomi.

"Sabalkheri, Ami."

"Sabalkheri, msomi. Cherehani yangu yaendeleaje? Yashona?"

"Bado, Ami."

"Haya. Ikianza kushona nambie, nije nitazame mshono wake."

Sikumchukia kwa hilo. Nilikuwa nimeuona mshono wa Ami. Alipinda ukingo wa turubai mara mbili, akaupitishia uzi wa nta, na kila baada ya shubiri moja akarudi nyuma hatua mbili, hata uzi ukikatika mahali pamoja hema lisifumuke. Vijana aliowafundisha walishona vivyo hivyo. Nilijua kwamba mashine iliyokuja mahali pa cherehani ilikuwa na deni la heshima kwa mshono ule.

Basi nikaanza. Niliichomoa kila karatasi msumarini nikaiingiza: nani anaomba, anataka nini, ngapi, jibu lifike lini, kazi iishe lini. Nikaandika programu iliyozipanga kwa tarehe ya mwisho, kisha ikazigawa mafungu matatu. La kwanza nililiita "jibu", la pili "uliza", la tatu "wacha". La "wacha" lilikuwa la kazi tusizoweza, au zile tusizoweza kuzimaliza kwa muda waliotaka. Halafu nikagundua kwamba wote wanauliza maswali yale yale kwa maneno tofauti. Nani mwenye karakana? Ilianza lini? Mna mafundi wangapi? Mmewahi kumshonea nani? Nikakusanya majibu ya barua zote za zamani, nikayapa namba, ili programu ichukue jibu linalofaa na kuliweka chini ya swali lake.

Hapo nikapata shida ndogo. Katika barua moja karakana ilianzishwa na babu wa marehemu mumewe Bi Mkubwa. Katika nyingine ilianzishwa na baba wa marehemu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili kabla ya kuuliza.

"Ipi ni kweli, Bi Mkubwa?"

"Zote," akasema. "Babu alikuwa na sindano. Baba akapata mlango."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na ikawa jibu namba moja. Mpaka leo ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuziingiza kwenye mashine yoyote.

Baada ya mwezi msumari ulikuwa mtupu. Jibu lililokuwa likichukua siku tatu za Bi Mkubwa kusema na kufuta lilitoka asubuhi moja. Tulipata kazi ya vivuli vya shule, na nyingine ya ghala. Bi Mkubwa alianza kuwaonyesha wageni kile kioo cha kijani, akiwaambia, "Huyu binti ameyaweka maneno yangu yote humu ndani, sasa hata nikisahau mimi, hayo hayasahau." Nilikuwa najifanya sisikii, lakini nikirudi Tononoka nilimhadithia baba kila neno.

Sehemu niliyojivunia zaidi ilikuwa ya kuhesabu muda. Unaiambia programu idadi ya vitu na vinavyoshonwa kwa siku, nayo inahesabu siku za kazi, inaruka siku za mapumziko, inakupa tarehe ya kumaliza. Mara ya kwanza nilipomwonyesha Ami aliitazama kalenda iliyotoka kwenye printa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Msomi, umetufungia kazi Jumapili."

"Si siku ya mapumziko, Ami?"

"Ya nani? Sisi Jumapili twashona. Ijumaa ndiyo hatushoni. Wewe wiki nne hizi Ijumaa waja kukaa na nani?"

Ilikuwa kweli. Ijumaa nilikuwa nakuja, naukuta mlango wa karakana umefungwa, napitia ofisini, na nilikuwa nimejiambia kwamba labda Ijumaa wanachelewa. Niliona haya, nikaingia nikarekebisha, na nikadhani kosa la aina hiyo nimekwisha kulifanya. Krismasi na Mwaka Mpya niliziacha, kwa sababu wawili kati ya vijana walikuwa Wakristo kama mimi na Bi Mkubwa aliwafungia wote kazi siku hizo.

Kisha likaja ombi la mahema mia mbili. Shirika moja lilitaka mahema ya madarasa kwa ajili ya kambi za wakimbizi za kaskazini. Lilikuwa ombi kubwa kuliko yote yaliyowahi kufika pale, kurasa kumi na nane, na Bi Mkubwa aliponipa aliniambia bila kuzunguka: kazi hiyo ikipatikana, Ami atapata cherehani yake na mimi nitapata barua ya kuajiriwa. Nikamwuliza Ami mahema kama yale yanashonwa mangapi kwa siku. Akapima kwa macho, akasema manne. Programu ikasema siku sitini na moja. Bi Mkubwa akasoma, akatia sahihi, akapiga muhuri, akaifunga bahasha. Ilitakiwa iwe katika sanduku la zabuni la shirika lile Alhamisi kabla ya saa sita mchana.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano bahasha ilikaa mezani kwake, nami nikakaa na sitini na moja yangu. Nilipitia kila karatasi tena. Kila kitu kilichokuwa kimeandikwa mahali popote katika ofisi ile kilikuwa kimeingia kwenye mashine. Nilikuwa na hakika na hilo, na hakika hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Alhamisi asubuhi, yapata saa mbili na nusu, akaingia jirani, mama mmoja wa nyumba ya tatu, ameshika kikapu cha sokoni Makadara. Hakuja ofisini. Alisimama mlangoni mwa karakana.

"Ami, nimekuja kwa ajili ya lile turubai kubwa. Arusi ya binti yangu."

"Lini, dada?"

"Mwezi wa Mlisho, tarehe kumi. Na vijana wanne wa kulifunga, na wawili wa kulinda lisiporomoke kama la mwaka jana."

"La mwaka jana lilifungwa na mume wako."

"Ndiyo maana nataka vijana."

Ami akacheka, akachukua chaki, akauvuta mlango wa mbao wa karakana akaandika nyuma yake. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Nyuma ya mlango ule palikuwa na safu za duara ndogo za chaki, na ndani ya kila duara tarakimu. Nilikuwa nimeziona kila siku tangu nilipokuja. Nilidhani ni vipimo vya vitambaa.

"Ami," nikasema, yule mama alipoondoka, "hizi ni nini?"

"Arusi. Kila duara arusi moja, ndani idadi ya mikono nitakayotoa. Mwezi wa Mlisho wote mtaa huu huoza mabinti, kabla ya mfungo kuingia. Turubai hutoka hapa, na vijana hutoka hapa. Tangu babu."

"Wanalipa?"

Alinitazama kama niliyeuliza kama watu hulipia salamu.

Nilizihesabu zile duara. Nikaenda kwenye kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa karibu na birika, nikalinganisha. Mwezi wa Mlisho ungeingia wiki ile ile ambayo tungeanza kazi. Baada yake Ramadhani, siku zote. Halafu Idi. Siku zangu sitini na moja zilikuwa zimekaa ndani ya miezi miwili ambayo karakana ile haikuwahi kushona mahema manne kwa siku.

Jambo la kwanza nililofikiri, nakiri, halikuwa watoto wa kambini wala jina la karakana. Nilifikiri kwamba Ami alikuwa na haki kuhusu cherehani, na kwamba wote wangejua. Jambo la pili nililofikiri ni kwamba hakuna anayejua bado isipokuwa mimi, na bahasha imekwisha kufungwa. Nilikaa na jambo hilo la pili muda wa kuimaliza chai. Kisha nikaingia ofisini.

"Bi Mkubwa, ile bahasha tusiipeleke."

Akavua miwani. "Imefanyani?"

"Inasema siku sitini na moja. Si kweli."

"Si mashine iliyosema?"

"Mashine imesema nilichoiambia. Sikuiambia Mlisho. Sikuiambia Ramadhani." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamalizia. "Mlango wa karakana sikuuingiza. Niliingiza karatasi tu."

Alimwita Ami. Ami akaja na uzi begani, akasikiliza akiwa amesimama. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, na swali lilitoka na machozi mengi kuliko nilivyotaka.

"Uliniuliza twashona mangapi kwa siku," akasema. "Nikakwambia. Hukuniuliza siku gani. Nami nilidhani mashine yajua. Kitu kijuacho Krismasi, kisijue Ramadhani?"

Bi Mkubwa alicheka kwanza. Kisha Ami. Nikacheka na mimi, kwa sababu hakikubaki kingine cha kufanya, na kile kicheko kiliniondolea woga kuliko maneno yoyote ya kunibembeleza.

"Vijana watashona usiku, baada ya sala ya tarawehe," Ami akasema, akirudi kwenye kazi. "Tutajikaza."

"Na mshono?" Bi Mkubwa akauliza.

Ami akaushika uzi wake begani, akauvuta taratibu. "Mshono wa mtu aliyefunga na hajalala," akasema, "mimi mwenyewe singekaa chini yake mvua ikinyesha."

"Basi hatushoni hivyo. Na arusi za watu sizirudishi. Turubai la arusi yangu lilitoka hapa." Akanigeukia. "Wewe ndiwe uliyeyaweka maneno yetu humo ndani. Amua uandike nini. Mimi nitatia sahihi."

Ilikuwa saa tatu na robo. Sijawahi kupewa kitu kizito kama kile na mtu aliyekuwa ametulia vile.

Nilijua barua ya kweli itapokewaje, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafanya kazi hiyo kila siku. Kule ofisini kwao palikuwa na mtu kama mimi, mwenye mashine au asiye nayo, anayepanga majibu kwa siku. Anayezidi wiki tisa anaingia fungu la "wacha" kabla jina lake halijasomwa. Nilifikiria kutoa bei ndogo zaidi kufidia muda. Nilifikiria kuandika kwamba tutamaliza "takriban" wiki tisa. Nilifikiria kutojibu kabisa. Kila wazo nililipa dakika zake, kama ilivyo tabia yangu, kisha nikatazama saa, nikawasha kompyuta.

Niliongeza jedwali jipya. Nikamwita Ami aketi karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu ije, aliigusa mashine, kwa kidole kimoja, kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Mlisho, mahema matatu kwa siku. Ramadhani, mawili. Nilipofika kwenye Idi, mashine ilitaka tarehe moja.

"Hapana moja," Ami akasema. "Mpaka mwezi uandame. Yaweza kuwa hii, yaweza kuwa kesho yake."

Nikabadilisha programu ikubali tarehe mbili na ihesabu kwa ile ya mbali. Ilinichukua nusu saa, na mikono haikutetemeka. Nataka niseme hilo, kwa sababu mikono yangu hutetemeka hata nikitia sukari kwenye chai ya wageni. Kisha nikabonyeza, na jibu likaja: mahema mia moja na ishirini ndani ya wiki tisa, na themanini yaliyobaki ndani ya wiki nne baada yake.

Niliandika hivyo ukurasa wa kwanza, juu kabisa, ambapo mtu wa kupanga angeliona kabla ya kitu kingine chochote. Chini yake niliandika sababu: kwamba katika miezi hii mafundi wetu hufunga na hutumikia mtaa wao, na kwamba hatushoni hema tusiloweza kukaa chini yake mvua ikinyesha. Hiyo ilikuwa sentensi ya Ami. Niliipa namba, ikaingia kwenye majibu pamoja na ile ya babu na sindano.

Printa ikalia. Bi Mkubwa alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, miwani imeshuka puani. Alipofika kwenye sentensi ya Ami alimtazama shemeji yake, akamsomea kwa sauti. Ami akasema, "Hayo nimesema mimi?" akatoka nje, na nilimwona kupitia dirishani akiwahadithia vijana.

Bi Mkubwa alitia sahihi, akapiga muhuri. Ile bahasha ya zamani aliipasua katikati.

"Nimtume mtu?" akauliza.

"Nitapeleka mwenyewe."

Nilitembea. Nilipita Makadara katikati ya watu wa soko nikiwa nimeikumbatia bahasha kifuani, na kwa kawaida katika matembezi kama yale ningekuwa nahesabu kila kitu kinachoweza kuharibika. Nilijaribu. Nilijiuliza kama tungekosa kazi ningemwambia nini baba. Jibu nililopata ni kwamba ningemwambia kila kitu, pamoja na mlango, na kwamba nilitamani kumhadithia hata kabla sijajua matokeo.

Ofisi ya shirika ilikuwa ghorofa ya kwanza. Sanduku lilikuwa la chuma, lenye mdomo mwembamba, na juu yake saa ya ukutani na feni, vile vile baba alivyozitaka. Saa ilisema tano na dakika arobaini. Karani aliyekuwa hapo alinionyesha kwa kalamu mahali pa kusaini daftari la waliofika. Nilisaini jina la karakana kwanza, kisha langu. Bahasha ilikuwa nene, ikakwama mdomoni mwa sanduku. Karani akainua uso.

"Umehakikisha kila kitu kimo?" akaniuliza, kama anavyouliza kila mtu, nadhani.

"Kimo," nikasema, nikaisukuma kwa viganja viwili mpaka nikaisikia imeanguka chini.